Pima wimbi la Ziwa Victoria kwa trei, chupa na simu

Maswali ni yaleyale kila muhula. Wimbi likipita, maji yanakwenda wapi? Urefu wa wimbi ndio kimo chake? Mbona upepo unavuma ukipita kandokando ya ufukwe, lakini mawimbi yanafika yakiwa yameukabili ufukwe uso kwa uso? Yote matatu utayajibu mwenyewe kwa trei moja ya jikoni na alasiri moja ya kukaa gatini. Mwongozo huu ni wa anayeanza: mwanafunzi wa sekondari, mwalimu asiye na maabara, au mtu wa Mwanza anayeliona ziwa kila siku na hajawahi kulipima.

Nadharia utakayohitaji ni fupi. Kinachosafiri ni umbo la wimbi pamoja na nishati yake. Maji yenyewe yanazunguka karibu palepale. Halafu kuna vipimo vinne:

- Kimo: kutoka chini kabisa ya bonde hadi juu kabisa ya kilele.
- Urefu wa wimbi: kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata, ukipima kwa mlalo. Ndiyo maana wimbi la kimo cha sentimita 30 linaweza kuwa na urefu wa mita 7.
- Kipindi: sekunde zinazopita kati ya kilele na kilele, ukiwa umesimama mahali pamoja. Moja ukigawa kwa kipindi unapata masafa, yaani idadi ya mawimbi kwa sekunde, kwa hezi.
- Kasi: urefu wa wimbi ugawe kwa kipindi.

Katika hivyo vinne kuna kimoja kigumu kisichokubali kubadilishwa na kina cha maji, nacho ni kipindi. Wimbi lenye kipindi cha sekunde 2.2 huko ndani litafika kwenye maji ya magotini likiwa na sekunde zilezile 2.2. Kasi ndiyo itakayopungua, na urefu utapungua pamoja nayo. Wanaoanza wengi hukwama hapa kwa sababu wanaona mawimbi yamebanana karibu na ufukwe, wakadhani yanakuja haraka zaidi. Yamebanana kwa kuwa yamepunguza mwendo.

Vitu vya kuandaa

Kwa kazi ya nyumbani: trei au kontena la plastiki la mstatili, lenye kuta zilizosimama wima, urefu wa ndani sentimita 40 au zaidi; chombo cha kupimia lita; rula; kipande cha kigae; simu yenye saa ya sekunde.

Kwa kazi ya ziwani: chupa mbili za maji za nusu lita zenye vifuniko, kamba ya manila mita 15, mawe mawili ya kufungia, kila moja kama kilo moja, futi ya fundi, maka peni, ufito mnyoofu wa mita 2 uliowekwa alama kila sentimita 5, daftari, simu, na mtu wa pili. Mtu wa pili si hiari. Mmoja akiangalia maji, mwingine anaandika na kuangalia mazingira.

Kabla hujasogea majini

Usiingie ziwani. Kazi yote hii inafanyika ukiwa juu ya gati au jiwe pana. Maji ya kina kifupi yenye majani na konokono ndiyo yenye kichocho, na dakika chache za kusimama ndani zinatosha kukipata. Ukilowa mguu, ukaushe kwa taulo mara moja. Waulize wavuvi wa hapo kuhusu mamba na viboko, na jibu lao ulichukue kama lilivyo.

Radi ikisikika, hesabu sekunde kuanzia mmuliko wa umeme mpaka mlio, kisha gawa kwa 3: hizo ni kilomita. Zikiwa chini ya 10, funga daftari uingie ndani ya nyumba. Chini ya mti si ndani.

Kazi ya kwanza: trei mezani

Anza hapa hata kama ziwa liko mbele ya mlango wako. Trei inakuonyesha athari ya kina peke yake, bila upepo wala pantoni kukuvuruga.

1. Osha trei kwa maji mengi mpaka sabuni na mafuta viishe. Tabaka jembamba la mafuta linaua viwimbi kabla havijafika upande wa pili.

2. Weka trei juu ya meza iliyosawazika. Mimina maji kidogo sana uone kama yanatanda kote kwa pamoja. Yakikimbilia kona moja, weka karatasi zilizokunjwa chini ya kona hiyo.

3. Pima kina kwa ujazo, usitumie rula. Maji hupanda kidogo kwenye ukingo wa rula, na kwa kina cha sentimita 1 kosa hilo ni kubwa. Trei ya sentimita 40 kwa 30 inahitaji lita 1.2 kwa kila sentimita moja ya kina. Piga hesabu ya trei yako: urefu mara upana kwa sentimita, gawa kwa 1000.

4. Inua ncha moja ya trei nusu sentimita tu. Subiri maji yatulie kabisa, kisha ishushe kwa upole lakini bila kusitasita. Utaona mkunjo mmoja wa maji ukikimbia kwenda ukuta wa pili, unagonga, unarudi.

5. Mkunjo ukigonga ukuta, sema "sifuri" na uwashe saa. Ukigonga ukuta wa pili sema "moja", endelea hadi "nne", zima saa. Rudia mara tano, chukua thamani ya katikati.

6. Ongeza maji hadi sentimita 2, halafu 4, ukirudia hatua ya 4 na 5.

Kwa trei ya sentimita 40, safari nne zitachukua karibu sekunde 5.1 kwa kina cha sentimita 1, sekunde 3.6 kwa sentimita 2, na 2.6 kwa sentimita 4. Angalia vizuri: kina kimezidishwa mara nne, kasi imeongezeka mara mbili tu. Kwenye maji mafupi, yaani yenye kina kidogo kikilinganishwa na urefu wa wimbi, zidisha 9.8 (mvuto wa dunia) kwa kina, kina kikiwa kwa mita; kipeuo cha pili cha jibu hilo ndiyo kasi. Kwa sentimita 1 hiyo ni mita 0.31 kwa sekunde.

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi ni kutumbukiza kidole kutengeneza viwimbi vidogo na kupima hivyo. Viwimbi vyenye urefu wa chini ya sentimita 1.7 hivi vinaendeshwa zaidi na mvuto wa uso wa maji kuliko uzito wa maji, na vyenyewe vina tabia ya kinyume: vifupi ndivyo vinavyokwenda haraka. Kina hakitaonekana kuleta tofauti, nawe utadhani vitabu vinadanganya. Inua trei, usidonoe maji.

7. Sasa weka kigae ndani, upande mmoja wa trei, ukingo wake ukiwa umekaa mshazari. Punguza maji mpaka yabaki milimita 3 au 4 juu ya kigae. Upande wa pili chovya ukingo wa rula mara moja, kwa ulalo, ili utoke mstari mmoja mnyoofu wa wimbi. Mstari ukifika juu ya kigae utaona unavunjika kona na kugeuza uelekeo. Ukiwasha tochi ya simu juu ya trei yenye sakafu nyeupe, kivuli cha wimbi kinaonekana wazi kuliko wimbi lenyewe. Kumbuka kona hiyo. Utaikuta tena ziwani, kubwa zaidi.

Kazi ya pili: gatini

Chagua alasiri, kati ya saa nane na saa kumi na moja. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mawimbi yanakuja kwa mpangilio. Alfajiri mara nyingi upepo unatoka nchi kavu, kwa hiyo karibu na ufukwe maji yanakuwa shwari na hakuna cha kupima. Miongozo iliyoandikwa kwa Dar es Salaam au Tanga itakuambia uangalie kwanza kupwa na kujaa. Ziwani achana na hilo: mvuto wa mwezi hapa hauleti badiliko la kina unaloweza kuliona kwa macho.

Iwe ni Igombe, Kirumba au Luchelele, mahali pazuri pana sifa hizi: maji ya mita moja au zaidi mbele ya gati, ufukwe wenye mteremko wa taratibu, na hakuna zulia la magugu maji upande yanakotoka mawimbi. Magugu maji yanameza mawimbi mafupi na kuacha marefu tu, kwa hiyo utapima kilichobaki. Epuka pia majabali yanayoshuka wima majini, ambayo Mwanza hayana uhaba. Yanarudisha wimbi lilikotoka, na mawimbi mawili yanayopishana hayapimiki kirahisi.

1. Pima kina. Funga jiwe kwenye kamba, lishushe hadi ligote chini, tia alama penye uso wa maji wakati uso uko katikati ya kilele na bonde, kisha pima kwa futi. Fanya hivyo mwanzo na mwisho wa sehemu utakayotumia.

2. Jaza chupa maji hadi robo tatu, funga kifuniko kwa nguvu. Chupa tupu inaelea juu mno na upepo unaisukuma kama tanga, halafu mtu anaapa kwamba wimbi ndilo lililobeba chupa.

3. Funga chupa kwenye jiwe kwa kamba yenye urefu wa kina mara moja na nusu, uidondoshe mbele ya gati. Kamba ikikazwa, kilele kikija chupa itavutwa chini ya maji.

4. Chupa ya pili iache huru, ukiwa umeshika ncha ya kamba iliyolegea. Itazame dakika mbili bila kupima chochote. Juu ya kilele inasogea mbele, kwenye bonde inarudi nyuma. Ukijumlisha na kupanda na kushuka kwake, njia yake ni mduara. Kila mzunguko unaiacha mbele kidogo tu ya ilipokuwa. Huo ndio mwendo wa maji yenyewe, na unapungua haraka ukienda chini: kwenye kina kikubwa, ukishuka nusu ya urefu wa wimbi, mduara umebaki kama asilimia 4 ya ule wa juu.

5. Pima kipindi kwenye chupa iliyofungwa. Ikiwa juu kabisa, sema "sifuri" na uwashe saa. Kilele kinachofuata ni "moja". Zima saa kwenye "ishirini". Gawa sekunde kwa 20. Ukianzia "moja" badala ya "sifuri" utakuwa umepima vipindi 19 na kugawa kwa 20, na hesabu zako zote zitakuwa pungufu kwa asilimia 5. Fanya mara tatu.

Kwa nini mawimbi 20? Kidole kinachelewa kama sekunde 0.2 kubonyeza saa. Kwenye wimbi moja la sekunde 2 hilo ni kosa la asilimia 10. Kwenye sekunde 44 halifiki hata nusu asilimia.

6. Pima kasi. Kwenye gati tia alama mbili, mita 10 kati yake, kufuata njia ya wimbi. Kilele kikipita alama ya kwanza washa saa, kikifika ya pili zima. Rudia mara 10, panga majibu kwa ukubwa, chukua la katikati. Afadhali zaidi ni kurekodi video: simu nyingi zinachukua picha 30 kwa sekunde, na ukihesabu picha kati ya alama mbili, kosa la kidole linatoweka.

Hapa kuna mtego. Mawimbi yakija mshazari kwa mstari wa alama zako, kilele kitaonekana kinakimbia kuliko ukweli. Kwa pembe ya digrii 30 kasi inazidi kwa asilimia 15. Simama nyuma ya alama ya kwanza uangalie: mistari ya vilele ikate mstari wako kama msalaba ulionyooka. Isipofanya hivyo, hamisha alama, au tumia kamba uliyoinyoosha kufuata njia ya wimbi.

7. Zidisha kasi kwa kipindi upate urefu wa wimbi.

8. Pima kimo kwa ufito uliosimamishwa wima majini kutokea gatini. Soma alama ya kilele na ya bonde kwa mawimbi 10 mfululizo, uchukue wastani. Usichague yale makubwa tu kwa kuwa yanapendeza.

9. Sogea kwenye maji mafupi zaidi, gati bado likiwa chini ya miguu yako, urudie hatua ya 1, 5 na 6. Nafasi ikiwa ndogo tumia mita 5 badala ya 10.

Tuseme mawimbi 20 yamechukua sekunde 44. Kipindi ni 2.2, masafa ni hezi 0.45. Haya ndiyo unayopaswa kuyakaribia:

- Kwenye kina kinachozidi mita 4: kasi mita 3.4 kwa sekunde, urefu mita 7.5.
- Kwenye kina cha mita 1.5: kasi 3.0, urefu 6.7. Mita 10 zinachukua sekunde 3.3.
- Kwenye kina cha nusu mita: kasi 2.1, urefu 4.5. Mita 5 zinachukua sekunde 2.4.

Mstari wa kwanza unapatikana kwa kanuni rahisi: kwenye kina kinachozidi nusu ya urefu wa wimbi, urefu ni 1.56 mara kipindi mara kipindi, na kasi ni 1.56 mara kipindi. Sakafu ya ziwa iko mbali mno kuhisiwa na wimbi, kwa hiyo kina hakimo kwenye hesabu. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha kama mita 40, hivyo mawimbi ya upepo ya sekunde 2 au 3 yanasafiri karibu njia yote bila kujua kuna chini. Yanaanza kujua mita chache za mwisho, mbele ya macho yako.

Na hapo ndipo swali la upepo wa kandokando linapojibiwa. Wimbi likija mshazari, ncha iliyo upande wa ufukwe iko kwenye kina cha nusu mita na inakwenda mita 2.1 kwa sekunde. Ncha ya nje bado iko kwenye mita 1.5 na inakwenda 3.0. Kila sekunde ncha ya nje inaipita ya ndani karibu mita moja, mpaka mstari mzima umegeuka kuelekea ufukwe. Kigae chako kwenye trei kilifanya hivyohivyo.

Ukitaka kukadiria kina kwa macho, angalia wimbi linapopasuka na kutoa povu. Kwa kawaida linapasuka kina kikiwa kama mara 1.3 ya kimo chake: wimbi la sentimita 40 linaangukia penye maji ya kama nusu mita.

Kazi ya tatu, kwa ufupi: wimbi la sauti na jabali

Majabali tuliyoyakwepa hapo juu sasa yana kazi. Tafuta jabali pana lililosimama, lenye uwanja mtupu mbele yake. Pima mita 85 kutoka kwenye uso wake. Gonga vipande viwili vya mbao, sikiliza mwangwi, kisha ongeza mdundo mpaka kila pigo jipya liangukie juu ya mwangwi wa lililopita. Hapo mwenzako apime muda wa mapigo 20, akianzia "sifuri". Kwenye nyuzi joto 25 za selsiasi utapata kama sekunde 9.8. Sauti imekwenda mita 170 mara 20. Gawa, utapata karibu mita 346 kwa sekunde. Chini ya mita 50 mapigo yanakuwa ya haraka mno kwa mkono. Watu huuliza kama mwinuko wa Mwanza, mita zaidi ya 1,130 juu ya usawa wa bahari, unapunguza kasi hiyo. Haupunguzi. Joto la hewa ndilo linaloamua, takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja.

Mambo yakikataa

*Kilele kinapanda na kushuka palepale, hakisafiri.* Uko karibu na ukuta au jabali linalorudisha mawimbi. Sogea mita 30 au zaidi kuelekea ufukwe wenye mteremko.

*Kilele ninachokifuata kinapotea kabla ya alama ya pili.* Mawimbi huja kwa makundi, na kwenye kina kikubwa kundi linakwenda nusu ya kasi ya kilele kimoja kimoja. Kilele kinazaliwa nyuma ya kundi, kinapenya hadi mbele, kinafifia. Kianze kukifuata kikiwa nyuma au katikati ya kundi.

*Vipindi vitatu nilivyopima vinatofautiana sana.* Ama upepo unabadilika, ama pantoni au boti ya injini imepita na kuacha mawimbi yake. Subiri dakika tano uanze upya. Ikiendelea, unahesabu vikunjo vidogo vilivyopanda juu ya mawimbi makubwa. Fuata chupa, maana yenyewe haihangaiki na vikunjo hivyo.

*Nilipima kutoka kwenye boti na kipindi ni kidogo kuliko cha gatini.* Boti ilikuwa inayaendea mawimbi, ikakutana nayo mapema. Ikikimbia pamoja nayo kipindi kinaongezeka. Pima ukiwa umesimama.

*Kipindi cha maji mafupi hakilingani na cha maji marefu.* Kikitofautiana kwa sehemu ndogo ya sekunde, ni kawaida. Kikitofautiana sana, kuna vilele ulivyoviruka baada ya mawimbi kupasuka. Hamishia chupa nje ya mstari wa povu.

*Kasi yangu inazidi 1.56 mara kipindi.* Hakuna kina kinachoweza kutoa jibu hilo kwa mawimbi haya. Kagua pembe ya alama zako kwanza, halafu urefu wa kamba: manila ikilowa inaweza kufupika na alama zake zikasogeleana, kwa hiyo ipime tena kwa futi ikiwa imelowa.

*Trei inatoa jibu moja kwa sentimita 1 na 2.* Kontena lako lina mifereji sakafuni au kuta zilizolala, na ujazo uliopiga hesabu si kina ulichonacho. Tafuta lenye sakafu bapa.